Ngozi yangu imegombana na ngozi ya ng'ombe: siku saba za kipimo cha aleji mgongoni, Mbeya

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kijiweni: laki moja na elfu tisini, taslimu, kabla hujavua shati. Kwa fundi ujenzi wa Uyole hiyo ni mifuko kumi ya saruji na chenji ya kumpoza saidia fundi. Nimeilipa, nimelala kifudifudi kama mtoto aliyechapwa, na nikiulizwa kama ningelipa tena nasema ndiyo. Ila kuna mambo lazima niyaseme, ili atakayepanda zile ngazi asiende kichwa kichwa kama nilivyokwenda mimi.

Jina la kliniki silitaji. Nina sifa na nina lawama, na Mbeya mji wenyewe huu huu. Leo unamsema mtu, kesho anakuita umpigie lipu nyumba yake. Ni kliniki binafsi ya ngozi, ghorofa ya pili, upande wa Mafiat, chini kuna duka la vipuri. Wanaoijua wameshaijua.

Mimi ni muashi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Msingi, tofali, zege, lipu, skimu, vyote nimevipitia. Miaka minne iliyopita vilianza vipele vidogo vya maji katikati ya vidole, vinawasha usiku hadi unatamani kujikuna kwa mwiko. Baadaye vikapasuka, ngozi ikakauka na kukakamaa kama ukuta uliorushiwa mchanga ukaachwa. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Uyole mnaijua, nikinawa uso maji yanabaki na wekundu kwenye beseni. Halafu miguu nayo ikaingia, juu ya kanyagio, pale kamba za buti zinapobana.

Duka la dawa la kwanza walisema fangasi. La pili wakasema fangasi sugu. Yote mawili yaliniuzia tyubu ile ile yenye dawa tatu kwa mpigo: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi ya kutuliza muwasho. Nikipaka siku tano panatulia, nikiacha siku mbili panarudi na hasira. Ikizidi naenda kuchomwa "sindano ya aleji", elfu tano, wiki moja mimi ni mtu mpya, wiki ya pili tumerudi palepale.

Kichekesho cha kweli kilikuwa wiki ya Nane Nane mwaka juzi, kwenye banda moja ambalo nalo silitaji. Kijana kavaa koti jeupe, akanishikisha kijichuma kilichounganishwa na kompyuta, dakika moja tu, ikatoka karatasi ya kurasa tisa. Eti nina aleji ya maharage, mayai na viazi. Elfu thelathini imekwenda. Sasa mtu wa Mbeya ukimkataza viazi na maharage si umemwambia ahame mkoa? Mke wangu alinipikia wali na mchicha mwezi mzima. Nilipungua kilo nne na mikono ikabaki vile vile.

Aliyenipeleka njia ya kweli ni binti yangu, anasoma uuguzi Iringa. Alikuja likizo, akanishika mikono, akaangalia na miguu, akauliza: "Baba, ukienda msibani wiki mbili hugusi saruji, inapona?" Nikamwambia mikono inapata nafuu, miguu hapana. Akanyamaza, halafu akasema hiyo siyo fangasi, utafutiwe kipimo cha kubandika, yaani unabandikwa mgongoni vitu vinavyoshukiwa, halafu ngozi inaangaliwa imekataa kipi.

Basi, lawama ya kwanza. Nilipanda ngazi siku ya kwanza, nikalipa elfu ishirini ya kumwona daktari, akaniuliza sindano ya mwisho nilichomwa lini. Wiki iliyopita. Cream je? Jana. Akaniambia rudi baada ya wiki nne. Nilikasirika. Kwenye simu walipanga miadi vizuri kabisa, hawakuuliza lolote juu ya dawa. Sababu yenyewe ina maana: steroidi, ya kupaka au ya kuchomwa, inazilaza zile seli ambazo kipimo kinataka kuziamsha, kwa hiyo mgongo unaweza kukaa kimya na wewe ukaambiwa huna kitu. Lakini hilo ni sentensi moja ya simu. Mwambieni mtu kabla hajapanda daladala. Nilimuuliza kuhusu setrizini na piritoni ninazomeza usiku, akasema hizo hazina shida sana kwenye kipimo hiki, zinaharibu kile kingine cha kuchoma-choma mkononi.

Hapo ndipo nilipojua aleji haziko za aina moja. Ile ya karanga, ya nyuki, ya vumbi linalokuchefua pua, inakuja papo hapo, na kipimo chake cha kuchoma kinasomwa ndani ya dakika kumi na tano au ishirini. Ya kwangu ni ya kugusa, na inakuja taratibu. Kemikali yenyewe ni ndogo mno, peke yake mwili hauishtukii. Inapenya, inajibandika kwenye protini za ngozi, seli za ngozi zinaibeba hadi kwenye tezi, na huko wanaandaliwa askari wanaoitwa seli T. Maandalizi ya mara ya kwanza yanachukua kama siku kumi hadi wiki mbili, na unaweza kuwa umeishika kemikali hiyo miaka kumi bila shida kabla siku hiyo haijafika. Baada ya hapo, kila ukiigusa, inalipuka siku ya pili au ya tatu.

Siku ya pili au ya tatu! Miaka minne nilikuwa namwaga zege Jumatatu, mikono inawasha Jumatano nikiwa juu nimeanza kupaua, nalaumu mbao na dawa ya mchwa.

Jumatatu ya kubandikwa nilikwenda nimejiandaa. Walisema njoo na vitu unavyoshika kazini, basi nikabeba kila kitu: glavu zangu za ngozi, kipande cha glavu ya mpira, ulimi wa buti niliokata kwa kisu, na saruji kwenye bahasha ya kaki. Daktari alipoichungulia ile bahasha alicheka hadi akavua miwani. "Fundi, hii nikikubandika mgongoni siku mbili, Jumatano nitakuta shimo." Saruji ikishalowana ni kali kama magadi, inaunguza ngozi ya mtu yeyote, awe na aleji asiwe nayo. Akaiweka pembeni. Ngozi ya glavu na ulimi wa buti akavichukua, akakata vipande vidogo, akavilowesha.

Vitu vyao vya kupimia vimo kwenye sindano za plastiki zisizo na ncha, karibu vyote vimechanganywa na mafuta ya mgando kwa kipimo maalumu. Nikeli asilimia 5, kromiamu asilimia 0.5, kila kimoja na chake. Sista anakamua kidogo, kama kipande cha punje ya mchele, ndani ya kikombe bapa cha upana wa milimita 8, kimeshikwa kwenye plasta. Vikombe kumi kwa kila ukanda, kanda tatu, halafu ukanda mdogo wa vitu vyangu. Usafi wa mikono yake niliupenda, anafanya kazi kama fundi vigae. Alipofika kuweka alama kwa kalamu ya bluu tukakwama, maana mimi ni mweusi wa Kyela na kalamu haikuonekana. Akapiga picha, akachora ramani ya mgongo wangu kwenye karatasi, namba kwa namba.

Daktari, huku anaandika, alinieleza kwamba kipimo hiki si cha jana. Alikileta Mjerumani mmoja, Josef Jadassohn, mwaka 1895, na cha kwanza alichokionyesha kilikuwa zebaki, hii hii wanayokamatia dhahabu wachimbaji wetu wa Chunya. Yaani kipimo kina umri mkubwa kuliko mji wa Mbeya wenyewe, ulioanza miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu hiyo hiyo, ya machimbo ya Lupa huko Chunya. Na mimi nimekisikia nina miaka arobaini na sita.

Masharti: saa 48 zisiguswe, mgongo usilowe, usitoke jasho, usibebe mzigo. Julai, Uyole, kutooga si adhabu kubwa, mnisamehe. Tatizo lilikuwa kulala. Na ukanda wa mwisho sista aliushusha mno, karibu na kiuno, pale mgongo unapokunjika ukiinama, na Jumanne usiku ukaanza kufunguka pembeni. Mama watoto akaushindilia kwa plasta ya dukani huku ananisema kwamba nimelipa laki na tisini kubandikwa stika. Hiyo ni lawama ya pili: kanda zote zikae juu, kwenye mabega, na mtu apewe plasta ya akiba ya kwenda nayo nyumbani.

Jumatano walizibandua, wakaniacha nusu saa na zaidi ili mikwaruzo ya plasta itulie. Hapa ndipo daktari huyu alipojipatia heshima yangu. Alizima taa ya darini. Akawasha tochi, akaimulika kwa ubavu, mwanga ukapita juu ya mgongo kama mimi ninavyomulika ukuta wa skimu kutafuta mabonde. Kisha akapitisha ncha za vidole, doa kwa doa, macho ameyafumba nusu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema vitabu alivyosomea vimejaa picha za migongo ya pinki, na wekundu ndio unaoangaliwa. Kwenye mgongo kama wangu wekundu unajificha, unatokea kama zambarau au kama kivuli tu, kwa hiyo anayetegemea macho peke yake anaweza kumwambia mtu mweusi hana aleji wakati anayo. Kinachosema ukweli ni uvimbe chini ya kidole. Binti yangu baadaye aliniambia miaka ya karibuni watafiti wa Marekani na kwingineko wamekuwa wakiliandika jambo hilo hilo, kwamba mafunzo na picha zilipendelea ngozi nyeupe. Mimi fundi nashangaa iliwachukua muda gani. Ukuta haukaguliwi kwa macho tu.

Siku hiyo jibu lilikuwa "hatujui". Doa moja la mashaka. Mke wangu aliposikia akaguna.

Ijumaa, nikiwa nimelala nimelikuna hilo doa kupitia shati usiku kucha, hakukuwa na haja ya tochi. Alama mbili za kujumlisha, yaani aleji kali. Palikuwa pameinuka kama kifungo chini ya kitambaa, na vijipele vya maji juu yake. Kromiamu. Na ukanda mdogo wa vitu vyangu: mpira kimya, ulimi wa buti umeinuka, ngozi ya glavu imeinuka zaidi.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Saruji ina kromiamu kidogo, inatoka kwenye malighafi na tanuri. Iko ya aina mbili zinazotuhusu, ya sita na ya tatu. Ya sita inayeyuka kwenye maji ya zege na kupenya ngozi kirahisi, ndiyo yenye balaa. Ya tatu inapenya kwa shida. Denmaki waliligundua hilo mapema, na kuanzia mwaka 1981 saruji yao inawekwa salfeti ya chuma, ambayo inaigeuza ya sita kuwa ya tatu. Aleji ya kromiamu kwa wajenzi wao ikashuka. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2005: saruji isizidi sehemu 2 za kromiamu ya sita katika milioni. Salfeti yenyewe inachoka kwa muda, kwa hiyo mifuko inapewa tarehe ya mwisho ya kinga hiyo. Niliporudi saiti nilipindua mfuko uliokuwepo nikausoma kama barua ya mahakama. Kilo 50, daraja la nguvu, tarehe ya kutengenezwa. Basi.

Lakini hadithi ya Denmaki haikuishia kwenye saruji. Baada ya wajenzi kupona, madaktari wao wakaona aleji ya kromiamu inapanda tena, safari hii kwa wavaa viatu, wengi wao wanawake. Sehemu kubwa ya ngozi ya viatu duniani inalainishwa kwa kromiamu. Inaingizwa ile ya tatu, yenye upole, lakini sehemu yake inaweza kugeuka kuwa ya sita ndani ya ngozi yenyewe. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo na huko: miligramu 3 kwa kila kilo ya ngozi.

Sasa niangalieni mimi. Saruji ilinianza mikononi. Mikono ilipopasuka nikaona nijikinge, nikanunua glavu nzito za ngozi Mwanjelwa, zile za wachomeleaji. Nikawa natoka jasho ndani yake kutwa. Miguuni buti za ngozi, Jumapili kiatu cha kanisani cha ngozi. Kwa Kiswahili chetu neno ni moja, na daktari alilitumia vizuri: "Fundi, ngozi yako imegombana na ngozi ya ng'ombe." Ndiyo maana msibani mikono ilipumzika na miguu haikupumzika. Msibani nilikwenda na viatu.

Nilimuuliza nivae nini. Akasema ziko ngozi zinazolainishwa kwa magome ya miti, bila kromiamu. Hapo nikacheka mimi. Baba yangu alifanya kibarua Njombe, kubandua magome ya miwati ya kiwanda cha Kibena. Nilikuwa mtoto, tulijua tu magome yanakwenda kutengeneza dawa ya kulainishia ngozi, inasafirishwa nje. Kumbe miaka yote ile mzee alikuwa anabandua dawa yangu.

Jumatatu iliyofuata nilitaka kutokwenda, kazi zinangoja na nauli ni nauli. Sista akapiga simu mwenyewe. Nikaenda, na doa namba 19, lililokuwa kimya Jumatano na Ijumaa, lilikuwa limeinuka. Neomaisini. Ni dawa ya bakteria, na inajulikana kwa kuchelewa kujitokeza mgongoni, ndiyo maana wanasoma hata siku ya saba. Nikauliza mimi neomaisini nimeipata wapi. Daktari akaniomba ile tyubu ya duka la dawa, nilikuwa nayo mfukoni. Akageuza upande wa nyuma, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

Kwa hiyo tyubu ilikuwa inaniwasha kwa dawa moja na kunituliza kwa nyingine.

Kwa hiyo neno langu kwa anayetafuta huduma hii, popote: uliza watakusoma mara ngapi. Kama jibu ni moja, yaani tunabandua na kukupa majibu siku hiyo hiyo, usitoe hela yako. Mimi ningesomwa Jumatano tu ningerudi Uyole na karatasi ya "hana kitu", na glavu zangu za ngozi mkononi. Nimesomwa mara tatu na bei ni ile ile, hapo kliniki hii nawavulia kofia.

Lawama ya tatu ndiyo kubwa. Karatasi ya majibu ni Kiingereza kitupu. Majina ya kemikali marefu kama treni ya TAZARA, na chini yake orodha ya vitu vya kuepuka, aya nzima, sikuelewa robo. Nilimpigia picha binti nikamtumia, akanirudishia kwa sauti, vipande kumi na moja vya WhatsApp, nimevihifadhi. Humo ndimo alimoniambia kwamba siko peke yangu: uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2019, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya watano, asilimia 20.1, ana aleji ya kugusa kitu fulani, na kinara ni nikeli, madini yanayotiwa kwenye mapambo ya bei rahisi, asilimia 11.4. Mama watoto kusikia nikeli akashika sikio. Hereni za elfu mbili hajazivaa tangu siku hiyo, sasa anataka na yeye akabandikwe.

Mambo madogo: choo ni kisafi, ngazi hazina mkono wa kushikia, chumba cha kuvulia shati hakina hita na Julai hiyo si haki. Mgongoni nimebaki na doa jeusi pale kromiamu ilipokuwa, daktari alisema litafifia kwa miezi, na kweli linafifia.

Sasa ni mwezi wa nne tangu nipimwe. Saruji mbichi nawaachia vijana, mimi nimehamia jipsamu, na siku nikilazimika kushika lipu navaa glavu ndefu za mpira na za pamba ndani, maana mpira mgongo wangu uliukubali. Kazini navaa gambuti, nyumbani na mtaani katambuga za matairi, kanisani nimeruhusiwa na mchungaji kwa raba za kitambaa. Daktari alinionya aleji ya kromiamu haifutiki kirahisi, nisije nikajisahau. Mikono imefunga. Juzi nimemenya viazi gunia zima kwenye sherehe ya shemeji, mikono mitupu, nikawa nawaonyesha watu.

Nyota nne. Ya tano naishikilia hadi karatasi itoke kwa Kiswahili. Buti nilimpa huyo huyo shemeji, miguu yetu namba moja, ulimi mmoja haupo. Anazivaa hadi leo, hawashwi hata kidogo.